Mwaka ule walipofunga viwanja, sisi tulijaa kibandani

MgosiWaMakorora (mleta uzi)

Wagosi na wageni, hamjambo? Waja leo waondoka leo, karibuni wote.

Juzi kijiweni, kahawa ikiwa ya pili, kijana mmoja akasema likija tena gonjwa kama lile la 2020 hakuna haja ya kusimamisha ligi. Fungeni mageti, mechi zichezwe, watu watazame majumbani. Akalisema kirahisi kama anaagiza kashata. Nikamwangalia tu, maana hayo "majumbani" anayoyasema ni kwangu. Nina kibanda umiza, cha kuonyeshea mpira, hapa Makorora, Tanga, mwaka wa kumi na ushee sasa. Mabenchi tisa, runinga mbili, bati juu, bati pembeni, kiingilio mia tano. Nyumbani kwake yule kijana hakuna king'amuzi, najua, maana kila Jumamosi namwona kwangu.

Kwa waliosahau: Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule na kusimamisha mikusanyiko, ligi zikiwemo, kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Uwanja wetu wa Mkwakwani ukabaki na majani na mbuzi. Ulaya nako kimya, king'amuzi kinarudia mechi za zamani mpaka unajua refa atapiga kipyenga lini.

Halafu Mei 16 Wajerumani wakarudi. Dortmund na Schalke, kwa Dortmund, uwanja unaobeba watu zaidi ya 81,000, na waliomo kwa kazi zote, kuanzia wachezaji hadi wapiga picha, ni kama mia tatu. Nakiri mbele yenu: nilifungua kimyakimya. Nilikaa miezi miwili bila senti, na wateja walikuwa wakinigongea hodi kama nauza dawa.

Ile mechi sitaisahau. Tumezoea kelele, wote mnajua. Siku ile mpira ukipigwa unasikia *paa*, kama mtu anakung'uta godoro. Kocha akifoka unamsikia. Mipira inapanguswa dawa. Mzee mmoja benchi la mbele, bado dakika kumi hazijafika, akauliza: "Hii mechi au mazoezi?" Kijana nyuma yake akamjibu, "Mechi mzee, ila leo tunasikia mpaka siri zao, kasoro Kijerumani." Haaland wa Dortmund akafunga la kwanza, akaenda pembeni akacheza kidogo peke yake, wenzake wamesimama mbali wanampigia makofi. Ikaisha 4-0, wakaenda kusimama mbele ya lile jukwaa lao la kusini, linalobeba watu kama 25,000 wa kusimama, wakalipungia viti na zege.

Sasa nikageuka nikatazama kibanda changu. Benchi la watu sita lilikuwa na watu tisa. Wamekumbatiana, wanapiga kelele, jasho linachuruzika, bati limetema joto la mchana kutwa. Palikuwa na watu wengi kwa kila hatua ya mguu kuliko uwanja wowote ninaoujua.

Ndilo langu la kusema. Kufunga uwanja hakufungi watu. Unawahamisha tu, na pengine unawahamishia pabaya zaidi. Uwanja una upepo. Kibanda kina bati.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

---

Kimanumanu_Damu

Mgosi, kwanza pole na 1988 yenu. Watu wa Coastal Union mkianzisha uzi lazima mpitie kwenye machozi.

Pili, mbona unajishitaki mwenyewe? Uwanja ulifungwa vizuri. Aliyekosea ni wewe uliyefungua kibanda. Ungefunga, hao watu tisa wa benchi moja wangelala kwao.

---

MgosiWaMakorora

Damu ya Kimanumanu, wewe wa African Sports, 1988 Coastal tulichukua ubingwa wa Tanzania nzima, hata ukiucheka upo.

Kuhusu kosa, sikatai. Nimekiri, soma tena. Ila ngoja nikusimulie kilichotokea nilipojaribu kuwa mwema.

Juni mwanzoni michezo iliruhusiwa, Ligi Kuu yetu ikarudi Juni 13. Kukawa na masharti: kunawa, barakoa, kukaa mbalimbali. Nikasema na mimi nifuate. Nikachukua chokaa, nikachora msalaba kwenye kila nafasi ya pili ya benchi. Watu watatu badala ya sita. Kiingilio nikapandisha kuwa elfu moja ili nisife njaa. Ndoo ya koki mlangoni, sabuni ya kipande imefungwa kamba.

Mechi ya kwanza, ndani walikaa ishirini na saba kama nilivyopanga. Nikajisifu. Nikatoka nje kununua maji, nikakuta watu hamsini wamejibandika kwenye bati, jicho kwenye kila tundu la msumari, kidevu cha huyu bega la yule, watoto wamepanda migongo. Wale ambao hawakuwa na elfu moja. Nimepunguza watu ndani nikawapanga nje kama dagaa.

Na wale wa ndani nao, ikifika goli, msalaba wa chokaa unahamia kwenye suruali.

---

Binti_Ngamiani

Shikamoo mgosi. Umenichekesha na umeniumiza.

Mama yangu alikuwa na meza nje ya Mkwakwani, upande wa barabarani. Machungwa ya Muheza yaliyomenywa, karanga, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu. Siku ya Simba au Yanga kuja Tanga ndiyo siku ya ada ya shule, hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu: "ngoja Simba waje." Machi ile alikuwa ameshachukua machungwa kwa mkopo. Hayakai machungwa. Tulikula mpaka midomo ikawa na vidonda, tukagawa mtaa mzima.

Watu wanaongelea mechi bila mashabiki kama suala la kelele na shamrashamra. Klabu ya Ulaya ikifunga mageti bado ina hela ya televisheni. Mama hana haki za matangazo ya mihogo.

---

Sisalana

Dada umenena, na tuliongeze hapo. Hata klabu zetu wakati ule zilikuwa zinategemea getini kuliko tunavyokubali. Ule mkataba mkubwa wa matangazo ya televisheni wa Azam wa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6, ulikuja Mei 2021. Mwaka 2020 timu ndogo ukiifungia geti umeifungia jiko. Kwa hiyo "zichezwe bila watu" ni ushauri wa mwenye shibe.

---

Nesi_Mstaafu_Raskazone

Wanangu, nimesoma kwa heshima, sasa niruhusuni nipinge.

Mgosi anaongea kana kwamba uwanja uliojaa na kibanda kilichojaa ni sawa, tofauti upepo. Si sawa. Kibanda kinabeba watu wa mtaa mmoja, ambao tayari wanakutana msikitini, sokoni na kwenye maji. Uwanja unakusanya watu wa mikoa. Wanakuja na mabasi, wanakula pamoja, wanarudi kila mmoja na kwao.

Kumbukeni Atalanta na Valencia, Februari 19, 2020. Timu ya Bergamo, lakini mechi ikachezwa San Siro, Milano, kwa sababu uwanja wao ulikuwa haujakidhi masharti ya Ulaya. Mashabiki zaidi ya 40,000 wakasafiri kwa mabasi na treni, wakashinda 4-1, wakakumbatiana mara nne. Muda si mrefu Bergamo ikawa ndiyo kidonda cha Italia, na daktari mmoja wa mapafu akaiita mechi ile bomu la vijidudu. Sisemi mechi ndiyo iliyoleta yote. Nasema ukiwa na jambo linaloenea kwa pumzi, usilipangie basi.

Mechi ya marudiano, Machi 10, ilichezwa Valencia bila mtu jukwaani. Ilicic wa Atalanta akafunga manne. Hakuna aliyekumbatiwa jukwaani, na hakuna aliyekosa kitu ambacho angekihitaji wodini.

---

MgosiWaMakorora

Shikamoo mama. Hili la mabasi nalikubali bila kigugumizi, na sikuwa nimelifikiria hivyo. Kibanda changu kikiambukiza, kinaambukiza Makorora. Mkwakwani siku ya Yanga inaambukiza mpaka Lushoto.

Lakini nami niongezee. Siku moja tu baada ya hiyo mechi ya Valencia, Machi 11, PSG wakacheza na Dortmund Paris, mageti yamefungwa. Ndani kimya. Nje maelfu ya mashabiki wamebanana, mafataki juu, nyimbo mwanzo mwisho, na PSG walipofuzu wachezaji wakatoka kuwashangilia kutoka juu ya ukuta. Aliyefunga geti alidhani amemaliza kazi. Na usiku huohuo Liverpool walikuwa wanacheza na Atletico, uwanja umejaa watu zaidi ya 52,000, elfu tatu kati yao wametoka Madrid, mji ambao wenyewe ulishafungiwa mashabiki. Yaani Mhispania hawezi kutazama mpira kwao ila anaweza kupanda ndege akautazame kwa Mwingereza!

Liverpool haohao Juni 25 wakatwaa ubingwa baada ya miaka 30, viwanja vitupu. Mashabiki walikuwa wapi? Nje ya Anfield. Kesho yake wakahamia kule bandarini mjini, fataki ikawasha moto jengo. Napoli nao, wiki iliyotangulia, walichukua Kombe la Italia kule Roma mbele ya viti, mji wao ukamiminika barabarani.

Kwa hiyo mama, fungeni. Sipingi kufunga. Ila anayefunga geti ajibu swali moja: hawa watu saa kumi jioni watakuwa wapi? Kama hana jibu, mimi ninalo. Kwangu.

---

Kipyenga_cha_Duga

Niingie kwa upande wangu, mimi nimechezesha mchangani miaka kumi na mbili.

Mnaongelea ugonjwa, niwaambie mashabiki wanafanya nini kwenye mechi yenyewe. Nipe mechi Duga, wenyeji wamezunguka mstari, hakuna uzio. Mwenyeji anaanguka kwenye boksi. Sijaona vizuri. Kabla sijaamua, watu mia nne wameshaamua. Mkono wangu unaenda mdomoni wenyewe. Si woga tu, wallahi. Kelele inakuambia kuna kitu kimetokea, na ubongo unaiamini.

Wataalamu wa Uingereza waliwahi kulipima hili, matokeo yakatoka 2002. Waliwaonyesha marefa 40 video ya mechi ya Liverpool na Leicester, wengine na sauti ya uwanja, wengine bila. Wenye sauti walipuliza faulo chache dhidi ya Liverpool, pungufu kwa asilimia 15.5. Video ileile!

Halafu korona ikaja ikawa kama jaribio la dunia nzima. Msimu wa 2020/21 wa Ligi Kuu ya Uingereza, mechi 380, karibu zote bila watu. Wageni walishinda 153, wenyeji 144. Haikuwahi kutokea katika historia ya ligi yao ya juu wageni kushinda nyingi kuliko wenyeji. Liverpool walikuwa hawajafungwa ligini kwao mechi 68 mfululizo, Burnley akaja Januari 2021 akawafunga, kisha wakafungwa tena na tena, sita mfululizo nyumbani.

Nilipokuwa natazama mechi zile nilikuwa namwonea refa wivu. Kwa mara ya kwanza anasikia kipyenga chake.

---

Kimanumanu_Damu

Kumbe ndiyo maana Coastal mkija kwenye dabi mnaleta na matarumbeta. Mnamchezesha refa.

---

Mnyama_wa_Chumbageni

Kipyenga umenikumbusha machungu. Mei 15, 2021, robo fainali ya Afrika, Simba kwa Kaizer Chiefs. Johannesburg, uwanja wa FNB, mkubwa kuliko yote barani, na ndani hakuna mtu kwa sababu kwao mashabiki bado walikuwa marufuku. Nikasema leo tunapita, Kaizer hana watu wa kumsukuma. Tukala NNE. Wiki moja baadaye kwa Mkapa tukarudisha tatu, Bocco mawili na Chama moja, tukatoka 4-3.

Kwa hiyo nadharia ya uwanja mtupu kumsaidia mgeni, mimi sikuiona.

---

Kipyenga_cha_Duga

Mnyama, mechi moja si ligi. Na zile nne hazikuwa za refa, zilikuwa za beki.

---

Mkimbia_Pwani

Naomba tutoke kwenye mpira kidogo. Mimi nakimbia, alfajiri mnanikuta barabara ya Raskazone.

Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa mwaka mzima, ikafanyika Julai na Agosti 2021. Mashabiki wa nje walizuiwa mapema, na wiki mbili kabla ya ufunguzi, Julai 8, wakasema hata Wajapani wenyewe hawaingii viwanja vya Tokyo. Uwanja mpya wa taifa, watu 68,000, viti vimepakwa rangi mchanganyiko hivi kwamba kwenye runinga unadhani wamekaa watu. Mimi nilidanganyika siku ya kwanza.

Marathoni ilipelekwa Sapporo kukimbia joto. Wakawaomba wananchi wasije kusimama kando ya njia. Wakaja! Barabara haina geti. Ndugu yetu Alphonce Simbu akamaliza wa saba pale, Kipchoge akachukua dhahabu. Ukimuuliza mkimbiaji yeyote, kilomita ya 35 mtu mmoja anayekupigia makofi ana thamani ya chupa ya maji.

Miaka minne baadaye, Septemba 2025, mashindano ya dunia yakarudi Tokyo, marathoni ikaishia ndani ya uwanja uleule wa viti vya rangi. Safari hii watu wamo. Simbu na yule Mjerumani, Petros, wakaingia na kumaliza kwa muda uleule, 2:09:48, tofauti sehemu tatu za mia ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Nikajiuliza: zile sehemu tatu, uwanja ungekuwa mtupu, zingepatikana?

---

Sisalana

Jibu ni ndiyo, mguu ni wake, si wa Wajapani. Lakini nimependa swali.

---

Binti_Ngamiani

Mimi narudi kwenye geti. Tumesema kufunga kote na kufungua kote. Kuna la katikati, la kuruhusu nusu, nalo lina hatari yake. Kombe la Afrika kule Kameruni, Januari 2022, waliweka kikomo kwa sababu ya korona: asilimia 60, na Kameruni akicheza 80. Uwanja wa Olembe, Kameruni na Komoro, Januari 24. Watu wakasukumana getini, wanane wakafa. Baadaye rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Motsepe, akasema kulikuwa na geti lililopaswa kuwa wazi ambalo lilikuwa limefungwa.

Walikufa kwa geti, jamani, siyo kwa korona. Kila nikipita Mkwakwani siku ya mechi kubwa nayatazama yale mageti na jinsi tunavyojipenyeza.

---

Nesi_Mstaafu_Raskazone

Binti, hilo ni zito, na ni la kila siku, si la wakati wa ugonjwa tu.

Mgosi, nikuulize kwa upole. Wewe mwenyewe uliugua?

---

MgosiWaMakorora

Niliugua mama. Juni ileile, wiki mbili. Homa, kifua, chai ya tangawizi nainywa sisikii ladha. Sikupima, kwa hiyo jina la ugonjwa siliandiki hapa. Mke wangu alinifukiza kila jioni, blanketi juu, sufuria ya majani chini, nikapata jasho na kelele zake tu: "Ulikuwa unachora misalaba ya chokaa, karibu uchorewe wa mbao." Na sisi Waislamu! Nilicheka mpaka kikohozi kikarudi.

Yule mzee wa benchi la mbele aliacha kuja mwenyewe. Alisema uwanja ukiwa mtupu anaona kama anatazama harusi isiyo na watu. Alirudi mashabiki waliporudi.

Jambo moja lilinichekesha kipindi kile: Waingereza walipoanza kuweka kelele za bandia kwenye matangazo. Wateja wakagawanyika. Nusu wanasema kuna mashabiki wamefichwa chini ya majukwaa. Goli likikataliwa, zile kelele zinachelewa sekunde moja kushangaa, na kibanda kizima kinacheka. Yaani mtu yuko chumbani London anabonyeza kitufe cha "wooo", na sisi huku Makorora ndio tunampigia kelele za kweli. Angetega maikrofoni hapa.

---

Kimanumanu_Damu

Haya mgosi, umeshinda uzi, Coastal imeshinda kitu tangu lini. Swali la mwisho: lile gonjwa likirudi kesho, kibanda unafunga au unafungua?

---

MgosiWaMakorora

Nafunga wiki za mwanzo, nesi amenishika kwenye mabasi. Baadaye sijui nitakula nini, ila nyumba nimeirekebisha. Mwaka 2021 nilitoa bati upande wote wa barabarani, nikaweka wavu kuanzia kiunoni mpaka juu. Upepo wa bahari unaingia, harufu ya soksi inatoka.

Hasara yake ni kwamba wa nje sasa wanaona mechi nzima bure. Nikiwadai mia mia wananiambia wamesimama barabarani, na barabara ni ya serikali.